Kesi ya Bolamba, Kijana Aliyekata Mitego

Wenzangu mnaobaki na chaki mkononi, mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya darasani kabla sijaanza kusahau. Nimestaafu juzi tu, na tayari kila mtu anauliza ninafanya nini siku nzima. Ninakula mikate na chai bila kusikiliza kengele. Ndiyo kazi yangu mpya, na ninaifanya vizuri. Habari ya mshahara sitaigusa, maana nilikuwa mwalimu wa fasihi na mtadhani ninatunga. Vyeo navyo viacheni vilale. Ninachotaka kuwasimulia ni habari ya kijana mmoja wa kwenye kitabu, mtu ambaye hajawahi kuvuta pumzi, na jinsi alivyokaribia kunikosanisha milele na mtu niliyempenda kuliko wote shuleni.

Nilianza hapa hapa Kabondo, Kisangani. Siku ya kwanza nilikuja kwa toleka, hizi baiskeli zetu za kubeba abiria, na viatu vya kisigino nilivyoazima kwa dada yangu. Mwendeshaji akanishusha katikati ya dimbwi, akasema, "Madame, courage!" akaenda zake. Darasa la sekondari nililopewa lilijaa vijana wenye ndevu. Mmoja akaniuliza kwa heshima kama nimekuja kujiandikisha. Kisha mvua ikaanza, na ninyi mnaijua mvua yetu juu ya bati: hata ukipiga kelele hujisikii mwenyewe. Nilisimama pale midomo inacheza bila sauti, machozi karibu. Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mrefu, tai shingoni, mwavuli mkononi. Akachukua chaki, akaandika ubaoni: "Fungueni vitabu, someni kimya." Chini kabisa, kwa herufi ndogo, akaniandikia mimi: "Keti, mwanangu. Usishindane na mvua."

Huyo ndiye Papa Anselme, mwalimu wa Kifaransa wa madarasa ya juu. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya shule. Mchana ule ule alinipeleka kula, na mke wake, Mama Cécile, akanipakulia pondu, kisamvu chetu, na samaki kabla hata hajauliza jina langu. Hawakuwa na mtoto. Hakuna aliyeniambia nishike nafasi hiyo. Nilirudi tu kesho yake, na kesho kutwa, na ikawa desturi, saa sita mchana, sahani yangu iko mezani.

Karibu kila nilichojua cha kazi hii nilikipata kwake. Vunja chaki vipande viwili, haitapiga mluzi ubaoni. Mwanafunzi msumbufu mpe kazi ya kugawa vitabu, atakuwa polisi wako. Usiulize kamwe "mmeelewa?" maana watajibu ndiyo, wote, hata aliyelala. Uliza, "Nani hakubali?" Hapo ndipo darasa linaamka. "Mwalimu ambaye hakuna mutu anamukatalia," aliniambia, "iko anafundisha meza."

Sasa kitabu chenyewe. Wakati ule kila shule ya huku ilikuwa na riwaya moja ya zamani ya Kifaransa, nakala zimechakaa, watoto wanne kwa kitabu kimoja, kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa. Shujaa wake anaitwa Bolamba. Ni yatima, mzuri wa sura, analelewa na mjomba wake mvuvi kwenye maporomoko. Mjomba ni mchoyo, mwandishi anatuambia hivyo karibu kila ukurasa, na ili tusisahau amempa na kikohozi. Basi kunakuja njaa. Katika sura ya tisa, Jumapili, watu wote wakiwa misani, Bolamba anachukua kisu, anapanda juu ya miti ya mitego iliyosimikwa majini, anakata kamba, anashusha kikapu kikubwa cha mjomba na kugawa samaki wote kwa wajane. Wajane wanalia, watoto wanacheka, mjomba anakohoa. Halafu Bolamba anapanda mashua, anapungia kijiji mkono, na anakwenda kuanza maisha mapya, akimwacha mchumba wake ufukweni na ahadi. Mwisho.

Papa Anselme aliisoma sura hiyo kwa sauti kila mwaka. Wee! Mzee yule alikuwa na sauti. Aliposoma, wauza mikate barabarani walisogea dirishani. Madarasa mengine yalinyamaza. Alipofika pale mtoto mdogo wa mjane anapopewa mkia wa samaki, alikuwa anatoa leso, na darasa zima linatoa leso naye, hata wale wa ndevu. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa nyuma kabisa kumsikiliza. Wote walilia.

Mimi nilikasirika mpaka masikio yakawa moto.

Mjue kwanza nimetoka wapi. Mimi ni mtoto wa maporomoko. Baba yangu ni mvuvi, na baba yake, na wajomba zangu wote. Ile miti mnayoiona imesimama ndani ya maji makali, wageni wakipiga picha, haisimamishwi na mtu mmoja. Wanaume wanaingia kwenye mkondo wameshikana, wanaitafutia mashimo kwenye jiwe, wanaifunga kwa kamba za msituni, mti huu kwa mti wa jirani, wa jirani kwa wa jirani yake. Ukikata kamba moja kwa pupa, hujakata ya mjomba wako peke yake, mstari mzima unalegea na maji yanamaliza. Mitego ya familia nyingi imekwenda, na njaa ndiyo kwanza imeanza. Bolamba amegawa chakula cha mchana mmoja na kuondoa cha miezi. Tena yeye mwenyewe yuko kwenye mashua, anapunga mkono! Na yule mjomba mwenye kikohozi? Katika kitabu chote ndiye mtu pekee anayefanya kazi.

Niliyasema hayo? Wapi! Nilikuwa mgeni, na sahani yangu ilikuwa kwenye meza ya mtu anayempenda Bolamba kama mwanawe. Nilikula pondu nikanyamaza, miaka mingi, na darasani kwangu nilifundisha sarufi.

Papa Anselme alipofikia kustaafu, alinikabidhi darasa lake la sita na sanduku la vitabu. Sharti lake lilikuwa moja tu: kila mwaka, sura ya tisa atakuja kuisoma yeye. Nilikubali kwa moyo wote. Mwaka wa kwanza alikuja, akasoma, watu wakalia, akatoka amefuta macho na furaha yake kamili. Nikabaki na watoto, na kwa mazoea tu nikauliza lile swali lake mwenyewe: "Haya. Nani hakubali?"

Mkono mmoja ukapanda. Alikuwa Gracia, binti wa familia ya wafanyabiashara wa mto kutoka Isangi, mbali huko mtoni, anaishi kwa shangazi yake karibu na maporomoko, msichana ambaye hakujua kusema polepole.

"Madame, mi nakatala. Ule kijana ni mwizi."

Darasa likalipuka. "Mwizi? Analisha batu!"

"Analisha batu na chakula ya nani?" Gracia akasimama juu ya benchi. "Ni siku gani alikata? Dimanche. Saa gani? Ya misa. Sasa kwetu kule, samaki yenye inaingia saa ya misa ni ya nani?"

Nilikuwa nimewaza kamba na miti miaka yote hiyo, na hili halikuwahi kunijia, mimi mtoto wa pale pale! Kwetu, samaki anayeingia kikapuni wakati watu wako kanisani si wa mwenye mtego. Ni wa wajane, ambao hawana mwanaume wa kuwasimamishia miti. Misa ikiisha wanakuja na mabeseni yao, wanagawana, hakuna anayewauliza neno. Nimewaona tangu nikiwa mtoto, mama zangu wakubwa walikuwa kwenye mstari huo.

"Donc," Gracia akamaliza, "ameiba samaki ya bamama, akapatia bamama samaki yao, bakamushukuru. Na mutego akavunja. Njo shujaa yenu huyo!"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Miaka yote ile nilibeba hasira yangu peke yangu, na hapa kuna mtoto anaitoa mbele ya watu bila woga. Wengine walimtetea Bolamba kwa nguvu, na hapo ndipo tulipokata shauri: tutamshtaki. Kesi ya kweli, uwanjani, mashahidi, mawakili, wazazi wote wakaribishwe. Mkuu wa shule alipenda wazo hilo kupita kiasi. Yeye mwenyewe akapendekeza baraza la kuhukumu liwe wavuvi wa maporomoko. "Kesi ni ya samaki," alisema, "tuite wenye samaki." Mkubwa wa baraza akateuliwa baba yangu. Nikajiambia, kwisha, Bolamba amekwenda.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia Papa Anselme, saa sita, kama kawaida. Alikuwa anachambua mifupa ya samaki. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kijiko chini.

"Véro. Ule mutoto mi njo nimemulea. Batu bengine biko na batoto, mi niko na Bolamba. Mutamushitaki, ni sawa, mi nitakuya kumutetea. Lakini mukimufunga, kwangu usikanyage tena."

Mama Cécile akasema, "Anselme, we! Ni kitabu."

"Kwangu asikanyage."

Kuanzia siku hiyo hakunisalimia. Nikimkuta njiani anafungua mwavuli, jua au mvua, uso wake nisiuone. Saa sita nilikula karanga kwenye chumba cha walimu. Wenzangu, sijawahi kuwa na upweke kama ule, wala sikuwa na njia ya kutoka. Nikiwazuia watoto, nimemdanganya Gracia na kila nilichofundisha. Nikiwaacha washinde, nimempoteza mzee wangu. Niliwaacha wajiandae, na kila jioni niliomba muujiza wa aina yoyote.

Siku ya kesi, uwanja ulijaa mpaka ukutani. Watoto walikuwa wamejenga mtego wa kweli katikati, miti mitatu, kamba za msituni, kikapu kirefu kuliko mkuu wa shule. Wavuvi saba au wanane waliketi mbele na mashati yao ya kanisani, baba yangu katikati, ameshikilia magoti. Gracia alizungumza kama mtu anayedai samaki wake mwenyewe. Akamwita kijana mmoja apande mtegoni na kisu. Kamba moja tu ikakatwa, miti yote mitatu ikaanguka, na mkuu wa shule akaruka pembeni, watu wakashangilia. Akamwita msichana aliyeigiza mjane. Akamwita mchumba, ambaye aliulizwa kama alipata barua hata moja kutoka kwa Bolamba, akajibu, "Ata salamu." Akina mama walipiga vigelegele vya hasira. Wavuvi walikuwa wanatikisa vichwa. Nilimtazama Papa Anselme kwenye kiti chake cha wakili, tai imenyooka, kitabu mapajani, na nikaona aibu ya kushinda.

Zamu yake ilipofika, hakujibu hoja hata moja. Alisimama, akafungua kitabu, akasoma sura ya tisa. Sentensi moja Kifaransa, halafu anaigeuza Kiswahili kwa wavuvi, halafu nyingine. Njaa. Mtoto anayenyonya kamba ya kikapu kitupu. Bolamba anapanda miti, anaogopa maji, anapanda hivyo hivyo. Mkia wa samaki. Nikasikia mtu analia kwa kwikwi kule mbele. Alikuwa baba yangu mzazi! Mtu ambaye hakulia alipovunjika mguu, anajifuta kwa kofia. Pembeni yake wajomba zangu wawili wameinamisha vichwa.

Wakanong'onezana. Baba akainuka.

"Huyu kijana iko na roho muzuri," alisema. "Tumelia sisi wote, tusifichane. Aachiliwe."

Papa Anselme akakumbatia kitabu kifuani. Gracia akampigia baba yangu kelele, "Tonton, na mutego?"

"Ngoja, mama. Sijamaliza." Baba akageukia ile miti iliyolala chini. "Roho muzuri ni roho muzuri, na mutego ni mutego. Kwetu mutu akivunja mutego, hatumufukuze na hatumufunge. Anakuya, anaingia ku maji, anafunga na mikono yake, batu banaangalia. Akimaliza tunakula pamoja, mambo imekwisha. Bolamba akuye afunge."

"Papa, Bolamba haiko mutu!" watoto walimpigia baba kelele wakicheka. "Iko ndani ya kitabu!"

"Avocat yake haiko ndani ya kitabu," baba akajibu, akimnyoshea kidole Papa Anselme, wakili wa mshtakiwa. "Minamuona pale. Samedi, asubui."

Sijawahi kusikia uwanja ukicheka hivyo. Papa Anselme pekee hakucheka. Alichukua mwavuli wake, akainama kidogo mbele ya baraza kama mtu wa mahakamani, akaondoka bila kunitazama. Bolamba hakufungwa, kweli. Lakini sikujua mimi nimehukumiwaje.

Jumamosi nilifika maporomokoni mapema, na moyo wangu ulikuwa chini. Nilidhani hatakuja. Alikuja. Tai, viatu vya ngozi, suruali iliyopigwa pasi, Mama Cécile nyuma yake na sufuria kichwani. Baada ya kuishi Kisangani maisha yake yote, alikiri kwa wavuvi kwamba maporomoko alikuwa ameyaona kutoka barabarani tu, maana maji yanamtisha. Wakamvua viatu. Tai alikataa kuivua. Wajomba zangu wawili wakamshika huku na huku, wakamwingiza kwenye mkondo mpaka kiunoni, na mzee akapiga yowe ambalo nadhani Isangi walilisikia.

Baba alimwonyesha jinsi ya kuifunga kamba: loweka, zungusha, vuta kwa uzito wa mwili, zungusha tena. Fundo la kwanza lilifunguka. La pili likafunguka. Baba akawa anamwambia tu, "Tena, maître," yaani mwalimu. Lililofuata lilishika nusu kisha likateleza, na Papa Anselme akatukana kwa Kifaransa safi sana, na wavuvi wote wakataka kufundishwa neno lile. Viganja vikachubuka. Tai ikalowa, ikamshikia shingoni. Hakutoka. Jua lilipanda, watoto wangu wa darasa la sita wamejaa juu ya mawe, Gracia anamhesabia, "Moja, zungusha! Mbili, vuta!" kana kwamba hajawahi kuwa mshtaki wake. Hatimaye baba akapanda juu ya mti, akasimama na miguu yote miwili pale penye fundo, akaruka. Akaruka tena. Fundo likakaa.

Watu wakapiga makofi. Papa Anselme aliweka kiganja chake juu ya kamba, maji yanampiga mgongoni, akaiangalia kwa muda. Halafu akatuinulia uso wenye furaha na ukali pamoja, akapaza sauti juu ya kelele za mto:

"Leo mutu akuye hapa na kisu! Akuye tu! Mi namuua!"

Akasikia alichosema. Nikaona kinamwingia polepole, macho yanazidi kupanuka. Gracia akaanguka kwenye jiwe kwa kicheko, baba yangu akamshika mzee begani asisombwe na maji, maana mzee mwenyewe sasa alikuwa analia na kucheka.

Wajomba wakamleta ukingoni. Alikaa kwenye jiwe karibu nami, amelowa, anatetemeka, viganja vyekundu amevifungua mapajani.

"Véro," alisema bila kunitazama, "ile maneno usiandike fasi yoyote."

"Ndiyo, Papa."

Kisha akageuka, akaniangalia vizuri, tangu viatu mpaka nywele, na akaniuliza kama nimekula.